Shangazi Maswali: Miaka Thelathini na Moja ya Kubisha Hodi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, msaidizi mkuu wa utafiti wa Idara ya Ushauri Nasaha na Saikolojia ya Makuzi atarudisha ufunguo wa chumba cha kumbukumbu na kustaafu rasmi. Atakuwa amekitumikia chuo kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliajiriwa kwa mkataba wa miezi sita.

Mkuu wa Idara alinituma niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha hafla, akaniomba uwe wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Ya kuchangamsha nimeyatanguliza.

Alipofika, idara ilikuwa na shahada moja tu, ya kwanza, na utafiti mmoja. Tulitaka watoto mia na themanini wa miaka mitatu, kutoka mitaa minne inayozunguka chuo, watembelewe majumbani kila mwaka ili tujue binadamu anavyojifunza kusema, kuogopa, kungoja zamu yake na kudanganya. Maprofesa walikuwa na nadharia. Miguu alikuwa nayo yeye. Alibeba begi la turubai lenye vipande vya mbao vya rangi, kadi za picha, kinasa sauti na betri za akiba, akabisha hodi nyumba kwa nyumba, jua na mvua. Watoto waliona haji ila kuuliza, wakamwita Shangazi Maswali. Jina likamfuata mpaka ofisini. Mgeni mmoja rasmi alilitamka jukwaani akidhani ndilo la kuzaliwa.

Visa vyake vya nyumba kwa nyumba vingejaza kijitabu hiki. Kuna mtoto aliyeonyeshwa kadi ya bata, akaulizwa ni nani huyu. Akamtazama Shangazi kwa huruma, kisha akaita, "Mama, njoo umsaidie shangazi, hamjui bata!" Mwingine aliulizwa angefanya nini akimkuta mwenzake analia. Akajibu papo hapo, "Nitasema si mimi." Jibu hilo limo kwenye tasnifu ya uzamivu, na mwandishi amelieleza kwa kurasa nne.

Begi lile limezaa tasnifu kumi na nne za uzamivu na zaidi ya sitini za uzamili. Programu yetu ya uzamili ya saikolojia ya makuzi ilipitishwa kwa sababu tulikuwa na kanda zake za kuonyesha. Mimi mwenyewe ninaitwa daktari kwa jasho la miguu yake. Shukrani zangu kwake kwenye tasnifu ni mstari mmoja, na jina lake la pili nililikosea herufi. Yeye hana shahada. Aliomba nafasi ya kusoma mara mbili. Mara ya kwanza ratiba ya vipindi iligongana na ratiba ya ziara, akachagua ziara. Mara ya pili mumewe alikuwa kitandani kwa ugonjwa ambao hakupona.

Nilimtembelea nyumbani nilipokuwa nakusanya habari hizi. Binti yake, ambaye ni rika la watoto wale, aliniambia, "Mama alijua watoto mia na themanini wanaogopa nini. Mimi niliogopa giza mpaka darasa la saba, na hakujua." Alisema huku anacheka. Mama yake alikuwa jikoni, alisikia, na hakucheka.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipakwepa.

Katika mwaka wa kumi na saba wa utafiti, watoto walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa. Shangazi alikwenda na dodoso lake kwa mama mmoja, fundi cherehani, mwenye mtoto wa pekee. Kwenye majalada yetu mtoto huyo alikuwa namba mia na kumi na saba. Kwa kuwa mwana alimwita shangazi, mama naye alimwita wifi, na kwa miaka yote hiyo walitaniana kama mawifi wa damu, huyu akiziteta nywele za mwenzake, yule akiteta viatu. Siku hiyo fundi alifungua mlango bila utani.

"Umechelewa, wifi," alisema. "Umechelewa wiki tatu."

Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imemchukua kijana kwa siku nne. Shangazi aliketi pale mpaka alasiri. Dodoso lilirudi ofisini tupu, na kwenye nafasi ya maelezo aliandika neno moja: Hayupo. Mtunza takwimu akadhani kijana kahama, akaandika hivyo kwenye jedwali. Shangazi alimsimamia nyuma ya kiti mpaka akasahihisha.

Miezi mitano baadaye fundi alikuja idarani mwenyewe. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

"Picha ninazo," alisema. "Sauti yake ndiyo imeanza kunitoka. Nikijaribu kuikumbuka, naisikia yangu. Nimeambiwa nyinyi mnayo."

Ni kweli tulikuwa nayo. Kila mtoto alirekodiwa mara moja kwa mwaka, tangu miaka mitatu hadi kumi na miwili, kabla hatujahamia madodoso. Lakini fomu ya ridhaa, ambayo fundi huyohuyo aliisaini zamani, ilisema kanda zitatunzwa kwa namba na hazitasikilizwa na yeyote ila watafiti. Ombi lake likapelekwa kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Katibu wa kamati nilikuwa mimi.

Tulikaa watu saba. Mjumbe mmoja alisema marehemu alikwisha kuwa mtu mzima na hakuacha ridhaa yake mwenyewe. Mwingine alisema tukifungua mlango huu kwa mmoja, tutaufunga kwa nani? Hoja zote zilikuwa safi. Tukakataa, tukapanga tarehe ya kikao kijacho. Barua niliiandika mimi, na niseme ukweli, niliipenda. Ilikuwa na maneno "kwa masikitiko makubwa" na "kwa kuzingatia miongozo iliyopo".

Barua za chuo hupotea mitaani, hivyo Shangazi ndiye aliyetumwa kuipeleka. Fundi aliitazama bahasha, akamrudishia. "Nisomee wewe, wifi. Miwani siioni." Miwani ilikuwa juu ya cherehani, mbele yao wote wawili. Shangazi akaisoma mpaka mwisho, pamoja na cheo changu.

Kutoka kwenye meza yake hadi kwenye rafu ya kanda ni hatua kumi na moja. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, na mashine ya kunakili kanda ilikuwa chumba hichohicho. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakuinakili tu, akamaliza. Alinitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Wale mia na sabini na tisa nao walisaini mbele yangu," alisema. "Ningewaambia nini?"

Badala yake akarudi mitaani. Siku za Jumamosi, nje ya saa za kazi, alibisha hodi kwa familia zote alizoweza kuzipata, mia na sitini na tatu, akiwauliza vijana na wazazi wao swali moja: mngependa sauti zenu zirudi kwenu? Waliotaka walisaini. Waliokataa waliandikwa hivyo, na sababu zao. Aliandika ombi kwa kamati mara tatu. Mara mbili lilirudishwa, mara moja kwa sababu ya pambizo za ukurasa. Ilichukua miaka miwili na miezi minane. Ripoti yake ndiyo makala pekee yenye jina lake kama mwandishi, na leo wanafunzi wa uzamili wa ushauri nasaha huisoma muhula wa kwanza.

Lakini maji hayakungoja kamati. Katika masika ya pili mfereji wa paa uliziba, na chumba cha kumbukumbu kikavuja juu ya rafu ya tatu. Kanda za namba tisini na sita hadi mia thelathini na moja zilivimba kwa tope. Kwa wiki mbili Shangazi alizitandaza kwenye magazeti ukumbini, akapiga magoti na kuzifuta moja moja kwa pamba. Kumi za kijana wa fundi zilipaswa kuwa pale. Alikuta tisa, na zote tisa zilikuwa bubu. Nilimpita akiwa amepiga magoti. Nilikuwa na kipindi.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha stadi za kumhoji mtoto, programu ya uzamili. Kila mwaka nilianza kwa kuwachezea wanafunzi kanda ya mtoto wa miaka saba asiyetaka kusema. Ilikuwa kwenye droo yangu tangu nilipokabidhiwa kozi, na juu ya kasha pameandikwa Zoezi la Tatu. Sikuwahi kuulizia namba yake.

Ombi la tatu lilikubaliwa, na Shangazi akawa na ruhusa mkononi bila kanda ya kutoa. Wiki iliyofuata alipita nje ya darasa langu, akasikia sauti yake mwenyewe ya miaka kumi na tano nyuma ikiuliza, na mtoto akijibu kwa kununa. Akasimama. Kisha, mtu aliyeishi kwa kubisha hodi, akaingia bila hodi, akabonyeza kinasa sauti kikanyamaza, akaichomoa kanda.

"Samahani, Mwalimu," aliniambia mbele ya wanafunzi ishirini na sita. "Hii ina mwenyewe."

Nilipiga hesabu baadaye. Kwa miaka saba, watu wasiopungua mia moja na themanini walikuwa wamesikiliza sauti ya kijana yule kama zoezi, mwaka aliokufa na miaka iliyofuata, wakati barua yangu inamwambia mama yake kwamba haiwezekani.

Fundi aliitwa. Tulikaa chumba namba sita cha ushauri nasaha, kile chenye viti viwili vya mito na sanduku la karatasi laini. Shangazi alisema lazima nami niwepo, nikakaa kwenye stuli karibu na mlango. Kanda ni ya dakika kumi na tisa. Siku ile mtoto alikuwa amenuna kwa sababu ziara ilimkatizia mchezo, na amesema "sijui" mara kumi na tatu. Karibu na mwisho anaulizwa nani humchekesha. Anasema, "Mama, akijidunga sindano." Kisha kanda inakwisha.

Fundi hakulia. 

"Huyu namkumbuka vizuri," alisema. "Huyu sikumpoteza. Niliyempoteza alikuwa na sauti nzito. Akiita 'Mama' mlangoni, hata sufuria zinaitika."

Sauti ya kijana ilikuwa imevunjika akiwa na miaka kumi na minne, na sisi tuliacha kurekodi kwenye kumi na miwili. Hiyo aliyoitaka hatukuwahi kuwa nayo. Kama tungemwambia hivyo siku ile ya kwanza, mezani, kwa maneno ya kawaida, ingetuchukua dakika mbili.

"Irudishe mwanzo," fundi alisema. Tukaisikiliza mara tatu. Aliondoka na nakala kwenye mkoba, Shangazi akamsindikiza hadi kituoni.

Mwezi uliofuata Shangazi hakutoka kwenda ziara hata moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikaa kwenye chumba cha kumbukumbu akiandika upya lebo. Aliporudi mitaani alikuja na sharti, na safari hii hakuna kamati iliyombishia: katika kila utafiti mpya wa kurekodi watoto, kila familia ipewe nakala ya sauti ya mtoto wake siku ileile, juu ya meza yao wenyewe, kabla mtafiti hajafunga begi. Sharti hilo sasa ni kifungu cha tisa cha fomu yetu ya ridhaa, na kila mwanafunzi wetu anayekwenda nyanjani, awe wa shahada ya kwanza au ya uzamivu, hulitekeleza. Wengi hawajui lilitoka wapi.

Anaondoka, na utafiti wa mia na themanini unaondoka naye. Nafasi yake haitajazwa. Chumba cha kumbukumbu kitakuwa chumba cha mikutano. Mwezi uliopita aliwapigia simu washiriki wote waliobaki, watu wa miaka thelathini na minne sasa, kuwaarifu kwamba imetosha. Wengine walimuuliza nani atakuja badala yake. Aliwaambia hakuna.

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu, iliyokuwa fupi na ya furaha mwanzo hadi mwisho. Aliisoma akiwa amesimama.

"Na wifi yangu?" aliuliza.

Nikamwambia hii ni hafla, watu watakuwa na wageni.

"Hujawahi kumwomba radhi," alisema. "Kijitabu kinachapishwa, si ndiyo? Basi chapisha."

Nachapisha. Mama, wewe uliyekuja kwetu umevaa vizuri: nilikuandikia barua ya kukataa na nikaificha aibu yake nyuma ya kamati, huku mwanao akiwa kwenye droo yangu. Naomba radhi, mimi binafsi, na idara yote pamoja nami.

Nawe Shangazi, ahsante. Hatukukupa shahada, na jina lako hatukuliandika mara nyingi ilivyostahili. Nenda ukapumzike kwako, upate afya, usingizi wa kutosha na binti wa kukaa naye jioni bila haraka. Tunakuombea siku njema, nyingi, zisizo na ratiba ya mtu.