Mwalimu Mulki na Siku ya Bendera

Assalamu alaykum, wazee wetu, akina mama, na ninyi walimu mliofundisha na marehemu, mliotoka Masalani, Eldas na hata Mwingi, karibuni. Mimi ni Najib, mdogo wake, na familia imenipa kazi hii kwa sababu yeye mwenyewe aliiagiza. Kwetu si desturi kusimama na kusoma maisha ya aliyekufa, tulimzika juzi Jumatano kabla ya alasiri bila maneno mengi, lakini alisema walimu wenzake hawataridhika wakirudi makwao bila kusikia tarehe, na Mwalimu Mulki akishasema, mnajua wenyewe, hakuna wa kubisha.

Marehemu Mulki Abdow Kerrow alizaliwa tarehe 12 Desemba 1966, karibu na Masalani, kifungua mimba wa marehemu Mzee Abdow Kerrow, mfugaji, na Mama Faduma. Naona baadhi yenu mnatazamana, kwa sababu kitambulisho chake kilisema 1963, na kwa miaka mingi kila sikukuu ya Jamhuri alikalishwa jukwaani kama mtoto wa Uhuru. Sijakosea kusoma. Nivumilieni kidogo, tutafika.

Baada ya mifugo yetu kwisha wakati wa vita vya serikali na waasi wa shifta, familia ilihamia Garissa mjini, na hapo marehemu akaanza darasa la kwanza mwaka 1974, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kushika kalamu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Mwanzoni mwa 1985 alihitaji kipande, yaani kitambulisho, ili aingie chuo cha ualimu, akasindikizwa ofisi ya usajili na adeer Abdiqani, baba yetu mdogo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha soko la ng'ombe. Karani alipouliza binti alizaliwa lini, adeer akajibu, "Huyu nasaliwa siku ya bendera, wallahi," kwa kuwa ndivyo siku aliyozaliwa ilivyoitwa nyumbani kwetu, na karani, mtu wa bara aliyeipenda nchi yake, akafurahi kupita kiasi, akamwita mtoto wa Uhuru, akaandika 12 Desemba 1963 kwa mwandiko mzuri ajabu. Adeer alijua siku ni hiyo lakini mwaka sio, ila wakati huo sheria ya hali ya hatari ilikuwa bado inatukalia hapa kwetu, na kufungua mdomo mbele ya mtu wa serikali kuhusu mwaka wa 1966 lilikuwa jambo la kujitafutia balaa, basi akashukuru, wakaenda zao.

Alihitimu ualimu mwaka 1987, akafundisha Hulugho hadi 1994, kisha hapa Garissa hadi Desemba 2023, alipostaafishwa kwa umri wa kwenye kipande, yaani miaka mitatu kabla ya wakati wake, na shule zilipofunguliwa Januari akaenda kazini kama kawaida, mwalimu mkuu akaona aibu kumfukuza. Somo lake lilikuwa historia. Mwanafunzi aliyesema kwamba Madaraka ndiyo siku tuliyopata uhuru alibaki darasani wenzake wakienda kucheza, mpaka aseme kwa mpangilio kwamba Madaraka ni Juni 1963, Uhuru ni Desemba ya mwaka huo huo, Jamhuri ni Desemba 1964, na kwamba hapa kwetu hali ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Wako maofisa wakubwa katika mkusanyiko huu waliokosa mpira kwa ajili ya Madaraka, na wanajijua.

Mwaka 1989 aliolewa na Ndugu Abdullahi, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mpole aliyekubali mapema kwamba nyumba ile ina mwalimu mmoja tu, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Iftin, Awil na Ikran.

Sasa tumefika. Novemba 2013, nchi ilipokuwa ikijiandaa kutimiza miaka hamsini, marehemu alikuwa akishona dera jipya la kuvaa jukwaani, kwa sababu mtoto wa Uhuru angetimiza hamsini pamoja na nchi na alitakiwa aseme machache. Mama yetu alimtazama, akamwambia aache kujidanganya. Ndipo akamsimulia kwamba mwaka 1966 watu wetu walikusanywa na kufungiwa ndani ya kijiji cha seng'enge, kwamba siku ya Jamhuri ya mwaka huo kila mtu aliamriwa asimame mstarini bendera ikipandishwa, mgonjwa na mzima, na yeye uchungu ulikuwa umeshamshika, akaambiwa asimame kama wengine. Wanawake wa mstari wa nyuma walivua shuka zao za mabegani, wakazishika pande zote kama ukuta, wakaendelea kusimama nyuso zao zikiwa mbele kwa askari, na nyuma yao, bendera ikiwa katikati ya mlingoti, Mulki akazaliwa. Mama alificha jambo hilo miaka yote kwa aibu ya kuzalia hadharani, na kwa hofu kwamba wanawe wangeitwa watoto wa shifta, akamwomba binti yake alinyamazie.

Marehemu hakulala vizuri siku hizo, nasema hivyo kwa sababu ni mimi aliyekuwa akinipigia simu usiku, maana aliogopa kumvunjia mama yake heshima, na aliogopa pia kusimama mbele ya watoto aliowafundisha akiwa amebeba mwaka usio wake. Tarehe 12 Desemba akavaa dera lake, akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akasema: "Mimi si mtoto wa Uhuru. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu nilipozaliwa ndani ya seng'enge, na mama yangu alinizaa wima, bendera ikipanda. Bendera hii ni yangu, na seng'enge ile ilikuwa yangu. Mnaofundisha watoto, fundisheni zote mbili." Wakubwa wakatazama viatu vyao, halafu kikongwe mmoja upande wa wanawake akapiga vigelegele, akafuatwa na mwingine, na mwisho hatukusikia kitu kingine. Sijawahi kujivunia kuwa ndugu ya mtu kama siku ile.

Mama aliyasikia yote redioni. Alikasirika, lakini wanawake waliokuwa mstarini siku ile wakaanza kubisha hodi kwake, mmoja mmoja, wakilia na kucheka, na hasira ikakosa pa kukaa.

Ugonjwa wa sukari ulimshika marehemu mwaka 2019, figo zikadhoofika, na tangu mwaka jana akawa anasafishwa damu kwa mashine, akisahihisha insha za watoto hapo hapo kitandani. Alfajiri ya Jumatano tarehe 10 Desemba 2025 alituaga, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana aliwasahihisha na wao, majirani ambao tangu juzi hawajaturuhusu kuwasha jiko, na walimu wenzake kwa mabasi na kwa machozi.

Mwisho, wengi mmeniuliza alipo Mama Faduma. Asubuhi watu wa serikali walikuja kutupa pole, wakasema uwanjani leo, kwenye sherehe za Jamhuri, watasimama kimya kidogo kwa heshima ya mtoto wa Uhuru, aliyezaliwa 1963. Mama alisikia hiyo 1963, akainuka kwenye mkeka, wazee wakamkumbusha kwamba ni siku ya tatu tu ya msiba, akawaambia Mungu atamsamehe, akapanda gari lao.

Abaayo, dada yangu, pumzika kwa amani ya Mola wako. Saa hii mwaka wako unasemwa kwenye kipaza sauti, na anayeusema ni aliyekuzaa.