Maji ya Siku Saba

Benchi letu liko kwenye kona, mkabala na lango la shule, na asubuhi hii tulilikalia tukiwa na nguo za sherehe. Tulikuwa wanne: Pimamaji, fundi mwashi anayejisifu kwamba ukuta wake haupindi; Kinyozi; Spika, karani mstaafu asiyemwachia mtu amalize sentensi; na mimi, mshona viatu. Tulikuwa tumetoka kushuhudia sanamu ya mlinzi wa shule ikizinduliwa. Imesimama palepale alipofia mwaka jana, akiwasukuma watoto watoke chini ya ukuta uliokuwa unaanguka. Watoto kumi na mmoja walipona. Ukuta ule tuliujenga sisi wanne, kwa kujitolea, na tangu siku ya mazishi hatujautaja hapa. Basi tukazungumzia magunia.

Maana mchongaji aliifinyanga sanamu kwa saruji, akaivika magunia wiki nzima, na binti wa marehemu akawa anakuja asubuhi na jioni kuyamwagia maji. Tulimwona kila siku kutoka hapa benchini, vikombe vya kahawa mkononi mwetu.

— Alikuwa anaficha sura, alisema Kinyozi. Yule bwana nimemnyoa miaka kumi na minne. Shavu la kushoto lilibonyea. Huyu mchongaji kamjazia mashavu, kaona aibu.

— Wewe na mashavu yako, Spika akamkatiza. Kitu kikifunikwa wiki nzima, ujue kuna barua inasubiriwa kutoka juu.

— Na maji je? akauliza Kinyozi.

— Ya kutuzuga tu.

Nami sikutaka kubaki nyuma. Nikasema mtu aliyesimama juani miaka ishirini, hata sanamu yake lazima ione kiu. Kinyozi akaapa kwamba jioni moja aliyaona magunia yakipanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Spika akasema hata yeye aliyaona, tena kabla ya Kinyozi. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunaongea ili tusinyamaze.

 Pimamaji peke yake alikuwa anazungusha kikombe kitupu, macho chini.

Mara binti wa marehemu akatoka langoni na ndoo yake, akavuka barabara kuja kwetu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

Akatushukuru kwa kuja. Akasema mchongaji alimweleza kuwa saruji isiponyweshwa maji siku saba hukauka nje tu, ndani inabaki unga. Akasema yeye aliimwagia siku zote saba, hata ile siku ya mvua, kwa kuogopa kwamba baba yake angeanguka tena.

— Na ule ukuta, mliunywesha maji siku ngapi?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka tu kujua. Pimamaji akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Spika, Spika akanitazama mimi. Pimamaji alikuwa amepata kazi kwingine, akatugawia sisi watatu zamu za kuumwagia maji, siku baada ya siku. Ya kwanza ilikuwa yangu. Niliipitisha hapa benchini nikinywa kahawa, nikijiambia kwamba wenzangu wataanza kesho. Leo ndipo nilipojua, kwa nyuso zao, kwamba na wao walijiambia hivyohivyo.

Muuza kahawa akauliza kama atuongeze. Tukafunika vikombe kwa viganja.

Binti akaiweka ndoo chini, akasubiri.