Dakta Aika na Madungu ya Mbuchi

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2003, Dakta Aika Zebedayo atakabidhi funguo za ofisi yake hapa Kibiti baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na mmoja: ishirini ya kwanza akiwa mtafiti wa viumbe wa mikokoni, na kumi na mmoja ya mwisho akiwa mshauri wa serikali wa mambo ya sayansi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Siti Mrisho, kazi ya kuandika wasifu wake. Nimekuwa mpiga chapa wake tangu mwaka 1983, na kila alichoandika kimepita mikononi mwangu, kikiwemo kile alichokosea. Nitafika huko.

Alikuja mwaka 1972 moja kwa moja kutoka chuo kikuu, binti wa Machame aliyekulia kwenye migomba na baridi, miguuni ana viatu vya ngozi vya kahawia. Siku yake ya kwanza kule Salale, kijiji cha hapa deltani, tope lilimvua kimoja na hakikuonekana tena. Watu wa Salale hawajakisahau. Mpaka leo akishuka kwenye boti wanamuuliza kama kiatu kile kimeshaota. Kuogelea hajui, na hajawahi kujifunza, lakini hakuna mkondo wa delta hii ambao hajaupita, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili huku akimwambia Twalibu, dereva wetu wa boti, apunguze mwendo.

Katika miaka hiyo alithibitisha kuwa kambamiti wanaovuliwa baharini hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Wavuvi walimwambia kuwa hilo walilijua tangu enzi za babu zao, ila walifurahi kuona limeandikwa.

Kisha nchi ikafungua milango kwa biashara huria. Kibiti tukaona mitumba, redio za kaseti, na wageni wenye mikoba myeusi. Kampuni moja iliomba kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti upande wa Mbuchi, na wizara ikamtaka Dakta Aika akalikague eneo. Alikwenda Septemba 1991. Alikuta madungu mia moja na arobaini, yote matupu, paa zimetoboka. Akaandika kuwa eneo ni mahame, wenyewe wamelihama, na mabwawa hayatamdhuru mtu.

Kwa asiyelijua, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti. Mkulima wa mpunga huishi humo na watoto wake tangu mvua mpaka mavuno, akiwinga ndege na kufukuza nguruwe, maji yakipita chini ya sakafu. Mpunga ukishavunwa, watu hurudi kijijini. Septemba dungu huwa tupu kama darasa wakati wa likizo.

Moja ya madungu hayo lilikuwa la mama yangu, Bi Mwanaheri. Nililipiga chapa neno lile "mahame" kwa vidole vyangu mwenyewe, nakala nne na kaboni, nikafunga mdomo. Wakati ule mpiga chapa hakuwa mtu wa kumsahihisha daktari. Nilimsimulia mama nyumbani, nikaishia hapo. Naona aibu kuliandika hili, lakini wasifu bila ukweli ni pambo tu.

Taarifa ile ilisifiwa sana. Januari 1992 ndiyo iliyompatia cheo cha ushauri, nasi tukamchinjia mbuzi. Aprili, maji yakiwa yamejaa, akaenda Mbuchi kuwaonyesha maofisa wawili mahali pa mabwawa. Kila dungu lilikuwa linafuka moshi. Mama yangu aliitazama boti kutoka juu, akamwita bila hasira: "Karibu, mwanangu. Panda ule. Leo mahame yamepika."

Twalibu anasema daktari alipanda ngazi, akala wali na samaki, akaongezwa, kisha akauliza mama amelima pale misimu mingapi. Ilikuwa thelathini na minane.

Aliporudi alikuja mezani kwangu. "Siti, ulijua?" Nikamwambia nilijua. "Mbona hukuniambia?" Nikajibu, "Hukuniuliza, dokta." Nilishajiona sina kazi. Yeye akavuta kiti, akakaa kando ya taipu, akaanza kunisomea barua ya ukurasa mmoja kwa wizara, niipige chapa. Ilianza hivi: "Mimi niliyeandika kuwa Mbuchi hakuna watu, nimekosea."

Wenzake wa Dar es Salaam walimsihi anyamaze. Taarifa ilishapokelewa, na cheo kilikuwa na miezi mitatu tu. Lakini kama angenyamaza, familia mia moja na arobaini zingepoteza mpunga wao. Aliisoma barua ile mwenyewe mbele ya kamati ya wizara iliyokuwa ikiamua maombi ya kampuni. Mwenyekiti akamuuliza serikali itamwaminije mshauri aliyeanza kwa kosa. Akamjibu kuwa ni heri aulizwe hivyo sasa kuliko mabwawa yakishachimbwa.

Alirudi Kibiti akafunga vitabu vyake kwenye maboksi, na hadubini akaizungushia khanga. Tulisubiri wiki tatu. Barua ya wizara ilipofika, ilisema maombi ya kampuni yamekataliwa, na mshauri aendelee na kazi. Mimi nililia. Twalibu aliyafungua maboksi bila kuagizwa.

Tangu siku hiyo hakuna taarifa iliyotiwa saini kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya mpiga chapa, dereva wa boti na watu wa mahali panapohusika. Maofisa vijana hununa, lakini kuuliza si ujinga, na ofisi yetu imeepuka aibu nyingi kwa utaratibu huo. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu nusura atumalize kwanza, ndipo akatuponya.

Kwa utaratibu huohuo wasifu huu nao umesomwa Mbuchi. Mama ameukubali, ila ameagiza iongezwe kuwa daktari anakula sana.

Dakta Aika, ahsante kwa miaka thelathini na mmoja, ahsante kwa ukurasa ule mmoja, na ahsante kwa kile kiti ulichokivuta. Mungu akupe afya na umri mrefu wenye raha. Sisi wa ofisini tumekuandalia redio na kitenge, lakini watu wa Mbuchi wametushinda: wamekukatia kipande cha shamba la mpunga na kukujengea dungu lako, ngazi yake fupi kwa sababu ya magoti yako.

Nanyi mtakaopita huko Septemba mkalikuta tupu, msiandike kitu. Mwenyewe yupo, atarudi na mvua.