Maneno Kaanguka Majini

Kijiwe chetu kiko Kibiti, nyuma ya stendi, ubavuni mwa kibanda cha Ridhiwani cha kuziba pancha. Benchi moja refu, jiko la mkaa na birika langu, maana muuza kahawa ni mimi. Ridhiwani huandika hadithi kwenye grupu la WhatsApp, na watu wanaisoma kuanzia hapa mpaka Mahege. Ijumaa iliyopita alimwangusha kijana wa hadithi yake, Maneno, kutoka kwenye boti iliyopakia boriti za mikoko kule delta, akaishia hapo. Tangu siku hiyo kakwama. Wasomaji wameanza kujitoa. Leo baada ya alasiri kaja benchini, simu mkononi, uso umemshuka.

— Nisaidieni jamani. Nimemtupa majini, sijui nimtoeje.

Khamisi tunamwita Sizoni, kwa ugonjwa wake wa tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa. Akarukia:

— Rahisi hiyo. Kamezwa na mamba.

— Si atakufa?

— Steringi hafi! Mamba anamtapika kisiwani. Kule kuna binti wa tajiri, akimwona tu, anazimia.

— Binti wa tajiri anatafuta nini kwenye mikoko? — nikauliza huku namimina.

— Kajificha. Baba yake anataka kumuoza kwa nguvu.

Bwanaheri akainua mkono. Huyu ndiye VAR, habari yoyote lazima airudishe nyuma aikague.

— Subirini. Maneno aliondoka kwao Mahege kwa ubishi, sivyo?

— Ndiyo, — Ridhiwani akasema. — Aliambiwa asiende, akaenda.

— Basi wahenga walishamhukumu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mvunje guu.

— Guu lipi?

— La kulia. Likipona, anasajiliwa timu kubwa Dar, anafunga goli la fainali kwa guu hilohilo. Uwanja mzima kilio.

— Tangu lini Maneno anacheza mpira?

— Tangu leo.

Sizoni akatikisa kichwa kama daktari.

— Mnapotea. Alozama ni pacha wake.

— Hana pacha.

— Hajaambiwa tu. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana mmoja kaelea.

— Kizito si ndicho kinachozama? — VAR akamuuliza.

— Eeh, ndiyo maana mwingine kazama!

Tulicheka mpaka kahawa ikatumwagikia. Ridhiwani hakucheka. Alikuwa akitazama simu.

— Rukaiya naye katoka kwenye grupu. Alikuwa nami tangu mwanzo, huyu.

— Andika chochote basi, — Sizoni akasema, sauti imepoa.

— Nimeandika mengi, Sizoni. Nikiandika naona moto, nikisoma naona majivu.

Hapo akafika bibi mmoja na kikapu chake, akaomba kukaa akisubiri gari la Ruaruke. Tukampisha, tukamwamkia. Jina lake, alisema, Mwanawetu.

— Marahaba wanangu. Nimesikia mtu kaanguka majini. Nani huyo?

— Wa kwenye hadithi tu, bibi, — Ridhiwani akamjibu kwa haya. — Kijana mmoja, Maneno.

— Ana mama?

— Anaye.

— Kaambiwa?

Sizoni alifungua mdomo, akaujaza kahawa. VAR akageukia barabarani. Ridhiwani alimtazama bibi, kisha simu, kisha bibi tena.

— Hata jina sijampa huyo mama, — akasema taratibu.

Akainama, akaanza kuandika. Aliandika, akafuta kidogo, akaandika tena. Alipomaliza akatusomea:

— “Habari ilikuwa haijafika Mahege. Jioni ile Bi Ashura alipika wali, akapakua sahani mbili. Ya pili akaifunika, akakaa nayo mlangoni.”

— Na mamba je? — Sizoni akanong'ona.

— Mamba angoje.

Akaituma. Kabla hajaweka simu chini, kondakta akaanza kuita abiria wa Ruaruke. Nikamshikia bibi kikapu.

— Gari lako hilo, bibi.

Hakuinuka. Alikuwa amemkazia macho Ridhiwani.

— Liende. Na usiku ukaingia, mtoto hajarudi. Haya, mama yake akafanyaje?

Ridhiwani akasogea, akamkaribia bibi, akaishika simu kwa mikono miwili.

— Hebu niambie wewe, bibi. Ungefanyaje?