Matengo ya Mtumbwi wa Duluti

Wa msikitini, asalaam aleykum. Wa kanisani, Bwana asifiwe. Na wazee mlioketi hapo mbele, shikamooni.

Chama chetu hiki cha kuzikana kimeniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nimekubali, ila jina la mtu sitataja. Walionikosea wako hai, na niliowakosea mimi ni wengi kuliko hao. Tena nilipoingia nimeona akina mama wawili pale wakisogezeana vichwa. Msione haya, mama zangu. Mimi mwenyewe ningenong'ona. "Si ndiye yule wa Duluti aliyemzamisha shemeji yake?" Ndiye. Tulieni niwaambie.

Mimi ni Mmeru. Mnajua kwetu samaki si chakula. Wazee wetu wanamwita nyoka wa majini, na mtu anayekwenda kumtafuta wanamtazama mara mbili. Nilikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la Mjerumani mmoja, karibu na ziwa. Mzee yule alipenda kuvua. Alikuwa na mtumbwi wake kutoka Ulaya, si wa gogo kama mnavyodhani. Ulikuwa wa mbavu za mbao zilizovishwa turubai, mwembamba kama ganda la mgomba, na kasia lake lilikuwa na bapa huku na huku. Unaketi chini kabisa, miguu umeinyoosha mbele. Alinifundisha kuuendesha, na mimi, sijui kwa nini, nikapenda maji.

Vita vile vya pili vilipokaribia aliona wazi kwamba Waingereza watamchukua. Akaniita akanikabidhi mtumbwi. Akaniambia kwa Kiswahili chake kile, "Chukua. Lakini mutu moja tu. Mbili hapana. Wewe nasikia?" Nikasema nimesikia.

Ndugu zangu, yashikeni maneno hayo, maana mimi niliyaficha, na kuyaficha ndiko kulikoniangusha.

Mzungu akachukuliwa, mimi nikabaki na mtumbwi. Watu wakaanza: kauiba. Akaja askari, akaugeuza, akaugongagonga kwa rungu, akasema serikali haina haja na kitambaa. Akaenda zake. Lakini majirani hawakuridhika.

Halafu wakaletwa wakimbizi wa Kipolandi pale Tengeru, wanawake na watoto wengi. Hao Ijumaa hawali nyama, wanataka samaki. Mimi nilikuwa na mtumbwi, ziwa lilikuwa na perege. Kila Alhamisi nikawa nategesha wavu, na Ijumaa asubuhi nafika kambini nimebeba kikapu. Nilinunua mabati. Mke wangu akavaa kitenge kipya kanisani. Na majirani wakazidi kunitazama.

Wavu ukijaa, mtu mmoja hawezi kuuvuta. Alhamisi moja nikamwambia shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu, "Njoo unisaidie." Alikuwa mtu wa vicheko, mwenye nguvu. Akauliza, "Nitakaa wapi? Tundu ni moja." Nikamwambia, "Panda nyuma yangu hapo juu ya turubai, kama unapanda punda."

Akacheka. Akapanda.

Ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu, na alikuwa amevaa koti zito kwa sababu ya baridi. Tulipofika kwenye wavu akainama kuushika. Mtumbwi haukuyumba, ndugu zangu. Kuyumba ni kitu kinachokupa nafasi. Huu uligeuka tu, mara moja, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nilipotoa kichwa juu nilishika turubai. Yeye sikumwona. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Tulimpata kesho yake.

Baada ya msiba hakuna aliyeniambia neno la wazi, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mama mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu tunaheshimiana kwa mbali, aliniangalia usoni kwenye maziko. Alikuwa hajawahi kuniangalia hivyo. Nikasikia kwa watu maneno yake: nimemtoa mwanawe kafara kwa ziwa, ili ziwa linipe samaki. Wengine wakasema nilimsukuma. Mke wangu alikaa nami miezi miwili. Siku moja jikoni akaniuliza, "Ilikuwaje hasa?"

Nikamwambia, "Aliinama, mtumbwi ukageuka."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hakuna kitu."

Wiki ile akarudi kwao.

Mimi nikaingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Asubuhi mbege, mchana mbege. Nikaanza kumshuku kila mtu. Mwanamke akichota maji karibu na kwangu, nasema ametumwa kupeleleza. Nikiona unyayo mlangoni, naupima kwa mguu wangu. Chakula cha jirani niliwapa kuku kwanza, nisubiri nione. Mtumbwi niliufunika kwa majani ya migomba nyuma ya nyumba.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja fundi. Nitamwita fundi tu, wengi wenu mnamjua, na wengine humu mnaswali naye. Mtu wa Pwani, aliyekuwa akifanya kazi mjini kwenye karakana ya Singasinga mmoja, kutengeneza milango na makabati. Alikuja kwa miguu siku yake ya mapumziko, akapiga hodi.

"Nimesikia una chombo," akasema.

"Umesikia kwa nani?"

"Sokoni. Wanasema kuna chombo kinaua watu. Mimi nimezaliwa kwa mafundi wa vyombo, na sijaona chombo kinachoua bila sababu. Nataka kukiona."

Nilijua moja kwa moja kwamba ametumwa. Ama na polisi, ama na wakwe. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikamwonyesha, nikabaki nimeshika panga nyuma yake. Aliondoa majani, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya turubai kama mganga anayekagua mbavu za mgonjwa. Akasema, "Chembamba mno hiki. Hakina mikono. Kwetu chombo chembamba kama hiki tunakifunga matengo."

"Matengo ndiyo nini?"

Akachora chini kwa kijiti: miti miwili imekatiza juu ya mtumbwi, na kwenye ncha zake, kila upande, ubao mwepesi unaolala juu ya maji. "Kikitaka kulalia huku, ubao huu unakataa. Kikitaka kulalia kule, wa pili unakataa."

Nikamuuliza anataka nini kwangu. Akasema, "Nimechoka na makabati, ndugu yangu."

Nani atembee kutoka mjini mpaka Duluti kwa sababu amechoka na makabati? Sikumwamini hata kidogo. Lakini alirudi Jumapili iliyofuata na nyingine tena. Alikata mianzi miwili. Akachonga mbao mbili za mringaringa, akazichongoa ncha kama mitumbwi midogo. Turubai halipigwi misumari, kwa hiyo alifunga mianzi kwenye mbavu za ndani kwa kamba ya katani, akavuta fundo kwa meno. Mara ya kwanza kasia liligonga mwanzi kila nikipiga. Akafungua yote, akasogeza mwanzi mmoja mbele na mwingine nyuma. Mara ya pili mbao zote mbili zilizama sana, mtumbwi ukawa mzito kama unaburuta gogo. Akazipandisha. "Ziguse tu," akasema. "Zikibana maji hutakwenda popote."

Na mimi? Mimi kila akiondoka nilikagua mafundo, nikitafuta lile alilolilegeza ili nife.

Jumamosi moja nikaamua kumfuata mjini. Nilijibanza sokoni nyuma ya magunia ya maharage. Nikamwona anatoka karakana, anapita kwa wauza ndizi, anasimama. Mwanamke aliyekuwa akizungumza naye alikuwa mama mkwe wangu.

Ndugu zangu, nawaambia, nilifurahi! Mnaelewa furaha hiyo? Mtu aliyeshuku kwa muda mrefu akipata ushahidi, moyo wake unacheza ngoma. Nikasema: nilijua. Walikaa kama robo saa. Mama akatikisa kichwa, fundi akaongea, mama akatikisa tena, mwishowe akakubali kitu. Nikarudi nyumbani nikanoa panga.

Jumapili fundi alipofika nikamkabili njiani. "Umetumwa na mama mkwe. Nimekuona kwa macho yangu."

Hakurudi nyuma. "Sikutumwa. Nilikwenda mwenyewe."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba aje aone. Anakuja leo. Ukitaka kunikata, nikate, lakini mama wa watu yuko njiani kwa miguu."

Panga likawa zito mkononi. Nikaliweka chini.

Walikuja watatu: mama mkwe, mwanawe mkubwa, na mke wangu. Mama hakunisalimu. Fundi aliwapeleka pale ufukwe unapoingia majini taratibu, maji ya kiunoni. Kwanza akafungua matengo yote, akayaweka kando. Akaniambia niketi mbele, yeye akapanda nyuma yangu juu ya turubai, vilevile. Akasema kwa sauti ili wasikie, "Sasa nainama kushika wavu." Akainama.

Tuligeuka wote wawili kabla hajamaliza kusema. Niliposimama natema maji, mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono.

Fundi akafunga matengo, akachukua muda wake. Tukapanda tena vilevile. Akainama kulia, akainama kushoto, akalala ubavu mpaka sikio likakaribia maji. Ubao wa upande mmoja ulizama kidogo ukarudi juu. Hatukugeuka. Hapo mama mkwe akapandisha nguo, akaingia majini mpaka magotini. Akausukuma mtumbwi ubavuni kwa mkono mmoja. Akausukuma kwa miwili. Akamwambia fundi, "Vifungue vitu hivyo." Vikafunguliwa, sisi tumeshuka. Akasukuma kwa vidole tu, mtumbwi ukalala.

Kisha mwanawe mkubwa akasema, "Kumbe ulikuwa mtumbwi, mama." Naye mama akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu maziko, akasema, "Basi hukumsukuma."

Wapendwa, hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshasafishwa. Mke wangu alikuwa analia, lakini ni kilio kile cha mtu anayerudi nyumbani. Nilihitaji tu kufunga mdomo. Lakini nilitazama ule mkono wa mama mkwe, bado unadondosha maji.

Nikasema, "Mama, sikumsukuma. Lakini yule mzungu aliponipa mtumbwi aliniambia usibebe watu wawili. Aliniambia wazi. Nilijua. Nilimpandisha mwanao kwa sababu nilitaka samaki wengi."

Kaka mtu akanijia. Fundi akasimama katikati. Mama mkwe akamwambia mwanawe, "Mwache." Kisha akaniambia, "Nilijua kuna neno umelificha. Hukulitoa, basi nikaweka la kwangu mahali pake."

Akaondoka. Mke wangu akamfuata.

Sikunywa siku ile. Wala iliyofuata. Si kwa ushujaa. Nilikuwa sina tena kitu cha kulinda, na kumbe pombe nilikuwa nimeiweka iwe mlinzi wa siri ile. Wazee wa pande mbili waliketi, wakanipa adhabu yangu ya kimila, nikaitimiza mbele ya watu wote. Baada ya mavuno mke wangu akarudi. Alisimama mlangoni akauliza, "Kuna kingine?" Nikasema hakuna. Akaingiza mzigo.

Navua mpaka leo, na matengo yapo, mianzi nimebadilisha mara nyingi. Wapo wawili watatu pale ziwani waliofunga ya kwao. Na hata matengo yakiwepo, mtu wa pili sipandishi.

Namshukuru fundi, ambaye nilimnolea panga naye akinitengenezea mikono ya mtumbwi. Alikuwa kweli amechoka na makabati. Hakukuwa na jambo jingine. Namshukuru mke wangu kwa kuuliza mara mbili. Nanyi wa chama hiki nawashukuru, maana mlipoambiwa msinipokee mlisema aje tumsikie.

Fundisho langu ni dogo. Watu wakikushuku, usikimbilie kuwakasirikia. Kaa chini kwanza ujipekue. Huenda jambo wanalosema si kweli, lakini wamesikia harufu ya lile ulilolificha.

Mama mkwe wangu hanipendi. Simlaumu, na sitegemei anipende. Lakini nikimwambia neno siku hizi, haulizi mtu wa pili.