Mwalimu Yer Moua na Usaili wa Jumatano

Ijumaa, tarehe 7 Juni 2024, Mwalimu Yer Moua anastaafu baada ya kufundisha Kihispania katika shule yetu ya sekondari ya Los Sauces kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo wote amekosa kazini siku tisa tu, na nne kati ya hizo alikuwa wodini akijifungua. Mwalimu mkuu amenikabidhi mimi, Eloísa Bracamontes, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa hapa shuleni hakuna aliyemfahamu mapema kunizidi. Asichokijua mwalimu mkuu ni kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikimwonea mwenzangu kijicho. Sasa atajua.

Yer alizaliwa katika milima ya Laos, kwa Wahmong, akafika bonde letu hili la California mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, pamoja na wazazi na wadogo zake wanne. Likizo yake ya kwanza alifanya kazi kwenye banda la kupakia mapichi. Wanawake waliosimama naye kwenye mkanda wa kuchambulia walikuwa Wameksiko, na mkubwa wao, Doña Refugio, alimfundisha kazi kwa lugha aliyokuwa nayo: hili bovu, hili zima, hili la kesho. Huko ndiko alikojifunzia Kihispania. Nilipomuuliza kwa nini binti wa Kihmong ang'ang'anie Kihispania, alinijibu, "Kiingereza nilikisikia kikinipita. Kihispania nilisemeshwa."

Baba yake hakufurahi hata kidogo. "Tumevuka mto tukikimbia risasi," alimwambia, "tumefika nchi ya Kiingereza, halafu wewe unakwenda kusoma Kihispania? Utamfundisha nani, hao kuku wangu?" Yer akaenda. Agosti 1984 alijiandikisha katika chuo cha jamii cha wilaya, kile cha miaka miwili ambacho watoto wa vibarua tulianzia kabla ya kuhamia chuo kikuu. Darasa letu la kwanza la Kihispania lilikuwa saa mbili asubuhi. Mimi niliketi mbele kabisa. Nilizaliwa na wazazi kutoka Michoacán, Meksiko, Kihispania nimekinyonya, na nilikuwa nimekwisha kujiona mwalimu.

Yer aliingia akichelewa, mikono imevimba kwa manyoya ya mapichi. Profesa Quiroga akamuuliza kwa upole asubuhi yake imekwendaje. Yer akajibu kwa sauti safi, kwa neno ambalo wanawake wa bandani hulitamka mkanda unapokwama, neno ambalo ningelisema mimi, mama yangu angenisugua ulimi kwa sabuni. Darasa likavunjika mbavu. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Matamshi ni mazuri sana. Msamiati tutauangalia." Nilicheka kuliko wote. Nilidhani nimepata wa kumcheka miaka miwili mizima.

Wiki ya tatu tukafanya mtihani wa kuandika. Yer alipata tisini na nne. Mimi nilipata sitini na moja. Sikuwa nimewahi kuandika Kihispania maishani mwangu. Nilikuwa nakisema tu, na zile alama ndogo juu ya irabu nilizitupia popote, kama mtu anayetia chumvi. Niliporudi nyumbani na karatasi ile, mama alikuwa anakanda unga wa tortilla.

"Nani wa kwanza?" akauliza.

"Mhmong mmoja."

"Katika lugha yetu?"

"Katika lugha yetu, Mama."

Mama aliugeukia unga wake. Aliukanda kwa ngumi, na kila ngumi ilinichoma kuliko matusi. Tangu siku hiyo nikawa na kijiba cha roho. Nilijua viatu vyake vipya alivinunua lini. Nilijua profesa alimtabasamia mara ngapi. Na jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba Yer mwenyewe hakuwa na habari. Aliniona ninahangaika na zile alama, akaja mezani kwangu maktabani, akasema, "Dada, wewe unasikia vizuri kuliko mimi. Piga neno mezani kwa kidole, usikie linakanyagia wapi." Alinifundisha hivyo muhula baada ya muhula, nami nikapanda hadi themanini, na kila alama niliyoipata kwake nilimchukia kwa ajili yake.

Machi 1986 chuo kilikuwa na nafasi moja tu. Kila mwaka kilimteua mwanafunzi mmoja kwenda kusaidia darasa la Kihispania katika shule ya sekondari, na aliyekwenda huko alirudi na barua iliyomfungulia mlango wa chuo kikuu. Tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wawili, Yer na mimi, siku ya Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo profesa alinikuta ukumbini.

"Eloísa, usaili umesogezwa. Ni Jumatano, saa tisa alasiri. Nimepiga simu kwa akina Moua, hawapokei. Mwambie Yer."

"Nitamwambia, profesa."

Alasiri ile ile nilikaa na Yer maktabani saa mbili nzima. Alinisahihishia insha ya usaili. Tulipokuwa tunakusanya vitabu akaniuliza, "Una hofu ya Alhamisi?"

Nikamjibu, "Kidogo."

Jumatano nilikwenda peke yangu nikapewa nafasi. Profesa aliniuliza kama nilimfikishia ujumbe. Nikasema nilimfikishia. Alhamisi nilikuwa kwenye dirisha la ukumbi lililo wazi nilipomwona Yer akivuka uwanja wa chuo, amevaa sketi ya buluu aliyoshonewa na mama yake, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akagonga, akangoja, akagonga tena. Kisha profesa akatoka chumba cha pili, akamwambia kwamba usaili ulifanyika jana na kwamba mimi nilimwarifu. Yer hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Basi sikuelewa."

Hayo maneno ndiyo yaliyoyaongoza maisha yake. Aliamini kwamba niliwahi kumwambia, kwa Kihispania au kwa Kiingereza, na kwamba sikio lake lilimwangusha. Alipoteza mwaka mmoja bandani, akaomba tena, akachaguliwa, akahitimu, akaja shuleni kwetu mwaka 1991, mwaka mmoja nyuma yangu. Wanafunzi wake wanamjua hadi leo kwa tabia moja: kila tangazo hulisema mara tatu, huliandika ubaoni, kisha humtaka mmoja asimame alirudie kwa maneno yake. Wanafunzi humtania kwa hilo. Mimi nimelisikia kupitia ukuta wa darasa langu miaka thelathini na mitatu, na sijawahi kulicheka.

Mafanikio yake yanajulikana. Mwaka 1998 alianzisha darasa la watoto wanaosema Kihispania nyumbani lakini hawajui kukiandika, yaani watoto kama nilivyokuwa mimi. Lilipaswa kuwa wazo langu. Wanafunzi wake ishirini na saba wamekuwa walimu. Mmoja wao ni binti yangu Yadira, ambaye akiwa kidato cha pili alirudi nyumbani akaniambia, "Mama usikasirike, lakini Maestra Moua anaeleza ukaelewa." Nilikasirika hadi Krismasi.

Aprili mwaka huu, nilipoanza kuandika wasifu huu, kalamu ilikwama kwenye mwaka 1986. Nilikwenda darasani kwake wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa anafinyanga tonge la wali wa kunata, pilipili pembeni. Nikamwambia yote, nimesimama.

Aliliweka tonge chini. "Kwa hiyo hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Hata kwa kuzungukazunguka?"

"Hata hivyo."

"Baba yangu alinicheka miaka mingi, Eloísa. Akiona kalenda ukutani ananiita: njoo utuonyeshe Jumatano iko wapi. Amekufa anaamini hivyo." Akafunika chakula chake. "Toka. Watoto wanakuja."

Siku kumi na sita za masomo hakunisemesha. Tulipishana mlangoni kama watu wasiojuana. Siku ya kumi na saba akasimama kwenye kizingiti changu, mkoba begani.

"Ule wasifu umempa nani?"

"Bado ninao. Nilidhani utataka aandike mwingine."

"Mwingine anajua nini? Andika. Andika na ile Jumatatu ya maktabani. Wadogo zangu wote wanne watakuja, na mwanangu atawasomea kwa Kihmong. Usiifiche kwa maneno mazuri."

Nimeandika. Bwana Tou, Bibi Kia, Bwana Pheng na Bibi Xee: dada yenu hakukosea siku. Aliambiwa Alhamisi, akaja Alhamisi, mapema. Aliyekosa ni mimi.

Mwalimu Moua hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sitamwomba hapa mbele za watu, ambapo adabu ingemlazimisha kukubali. Septemba anasafiri kwenda Michoacán kumtembelea Doña Refugio, ambaye sasa ana miaka themanini na tisa na amerudi kijijini kwao. Kijiji hicho kiko mwendo wa saa moja kutoka alikozaliwa mama yangu. Mimi sijawahi kukanyaga huko. Yer atafika, atagonga mlango, na atakaribishwa kama mtoto wa nyumbani.

Kwa niaba ya walimu wote na wanafunzi wa Los Sauces, asante, Mwalimu, kwa kila neno ulilolirudia. Upumzike vizuri, ule vizuri, usafiri salama, na afya isikupungukie. Hakuna anayestahili zaidi yako, na hilo limenichukua miaka arobaini kulisema.