Soksi ya Nyirarukundo

Sogeeni, wanangu. Ange, niinulie mto. Murhula, zima redio hiyo, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na habari za vita. Mimi mama yenu, binti wa Munguakonkwa wa upande wa Bukavu, mjane wa muzee Mushagalusa, nasema nikiwa na akili zangu timamu, na nitakayoyasema leo hamtayasikia tena kinywani mwangu, yashikeni.

Mnajua mtaa wote wa Keshero unaniita Mama Shoseti, mama wa soksi. Wanacheka: mji wa vumbi jeusi na mawe ya volkano yanayokula viatu, soksi za sufu za nini? Waacheni wacheke. Miaka yote nilikuwa nashuka sokoni Birere, nachagua triko, sweta kuukuu zilizotoboka viwiko, nazifumua, naosha uzi na kuuanika, kisha nafuma upya kwa sindano nilizozisugua kutoka nyaya za gurudumu la baiskeli. Sikuuza hata jozi moja. Kazi ya kuuza nilikuwa nayo sokoni. Hii ilikuwa ya kupumzisha moyo. Nilimpa dereva wa moto, pikipiki ile inayopanda Rutshuru alfajiri, nilimpa padri, nilimpa mlinzi wa jirani ambaye hakunisalimia tena baada ya hapo, sijui kwa nini. Na kwa kufuma nimewajua watu: mwenye haraka hutoboa kidole gumba, mwenye kiburi hutoboa kisigino, na mwenye majonzi soksi yake huisha chini kote, kwa sababu anaburuta miguu. Mguu wa soksi unaweza kuufuma huku unapiga domo, lakini ukifika kwenye kisigino lazima unyamaze uangalie, la sivyo kazi yote inakwenda upande.

Nyamazeni basi, muangalie. Nyumba hii ya mbele ni yenu wawili, wala mmoja asimwambie mwenziwe toka. Ange, uolewe usiolewe, chumba chako ni chako, na cherehani ni yako. Murhula, koti la marehemu papa yako na kiti chake vichukue. Lakini lile bonde la nyuma, pale parseli, kiwanja chetu, inaposhuka kuelekea ziwani, halirithiwi na mtu. Murhula mwanangu, nimelala hapa nasikia nyundo huko bondeni. Nikiuliza, mnaniambia ni ukuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua: fundi alipokuja kunisalimu juma lililopita alinieleza kwa furaha kwamba ni chumba, kina mlango na dirisha, kimebaki kupigwa mabati. Sikukasirika. Niliogopa. Wewe siku ya msiba wa bonde lile ulikuwa shuleni Bukavu, na Ange alikuwa mgongoni mwangu. Tuliyaficha kwa sababu yalituuma, sasa yasikilizeni.

Nyirarukundo alitoka milima ya Masisi, mtoto wa wafugaji, aliikimbia vita akapata chumba jirani na sisi. Tulikutana kwa ajili ya uzi, sote wawili tukivuta triko moja jekundu katika rundo moja pale Birere, hakuna anayetaka kuachia, mpaka tukacheka tukagawana. Yeye alichukua mikono, mimi kifua. Toka hapo tukawa tunafuma pamoja nyuma ya jiko langu, yeye akinifundisha majina ya ng'ombe wa baba yake, mimi nikimfundisha kisigino. Undugu si kuzaliwa tumbo moja tu, wanangu.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, upepo hakuna, hata jani la mgomba halitikisiki. Donge lake la uzi lilimponyoka mapajani, likaviringika juu ya mawe mpaka chini bondeni. Akasema, «Ngoja, nitalikamata kabla halijafika ziwani.» Akashuka anacheka. Akainama. Mkono ukaugusa uzi, kisha akapiga magoti kama mtu aliyeingia kanisani, akalala ubavu polepole. Nilidhani ananifanyia mchezo. Nikamwita. Ndipo nikaona mjusi kando yake, tumbo juu, na hatua chache mbele kuku wetu niliyemtafuta toka jana yake.

Nilitaka kukimbia. Papa yenu alinishika kitenge kwa nyuma, akaniambia, «Ukiinama pale mutakuwa wawili.» Akaita majirani, wakamfunga kamba kiunoni, akashuka amesimama wima, amebana pumzi, akamkokota juu. Mwili ulikuwa bado na joto. Roho haikuwemo.

Ile ni mazuku, upepo mubaya unaotoka chini ya ardhi ya mji huu. Hauna harufu, hauna moshi, ni mzito, unajaa mahali pa chini kama maji yanavyojaa bakuli, hasa jioni na alfajiri upepo ukitulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukitaka kuujua, teremsha taa ya moto. Ikizimika yenyewe, rudi ulikotoka.

Niyigena, binti wa Nyirarukundo, alisema mama yake alinyweshwa sumu kwangu. Aliyasema Birere mbele ya watu, na mpaka leo akiniona anavuka barabara. Msimchukie. Aliyefiwa hutafuta mahali pa kutua mzigo, na mimi nilikuwa karibu. Ange, ndani ya sanduku kuna soksi ya mama yake, nyekundu, imeishia kisiginoni, sindano zingali ndani. Sikuifuma wala sikuifumua. Mpelekee. Usibishane naye. Mlete tu asimame juu ya bonde, aone taa inavyozimika. Mengine ataambiwa na moyo wake.

Na chumba kile, Murhula, kibomoe. Jaza mawe mpaka palingane na njia. Niambie «ndiyo, mama». Mbona unatazama sakafu? Murhula? Ange, mbona unalia kabla sijafa? Sema wewe.

«Mama, mabati yamepigwa juzi. Kuna watu mule. Mama mumoja wa Rutshuru na watoto wake wawili, wameingia leo saa sita.»

Wana vitanda?

«Magodoro tu, mama. Chini.»

Usiniambie umemwaga sementi, Murhula, sementi ina nyufa na mlango una nafasi chini yake. Tazama pazia hilo. Limetikisika toka nianze kusema? Tazama moshi wa majiko ya watu, umelala juu ya mawe, haupandi. Jua linakwenda. Nenda.

Usiniambie huwezi kuniacha hivi. Nitakufa ukiwepo, nitakufa usipokuwepo. Wale bado wanaweza kupona. Nenda, mwanangu. Usiiname, usipige magoti hata kama umeangusha nini. Watoto wabebe mabegani, juu kabisa. Ukikuta wamelala hawaitiki, usiingie peke yako, ita wanaume, ita kamba. Wapandishe hapa, walale kitandani kwangu, mimi sitakihitaji. Na baraka yangu ichukue mgongoni, huko huko unakokimbia: Mungu akupe pumzi ndefu kuliko ya baba yako, uzae, uzikwe na wanao, asiwepo atakayekulaani kwa ajili ya nyumba uliyojenga...

Amekwenda? Mlango uache wazi, Ange. Nawe ubarikiwe, binti yangu, mikono yako isikose kazi, miguu yako isikose njia. Nizikeni juu, kwenye mwinuko, karibu na papa yenu. Msiniwekee sherehe kubwa... Nipe maji. Kidogo. Basi.

Usinifumbe macho bado. Kuna kishindo mlangoni... wanapanda. Huyo ni mutoto analia. Ndiyo, alie, alie sana, Mungu ambariki koo lake... Huyo mmoja.

Nyamaza, Ange, nisikie wa pili.